Moto wa Zamu Yangu

Matogoro, Songea
4 Juni 1995

Dada yangu Emerensiana,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe! Najua hapo tayari umekunja uso na kusema, "Haya, Otto naye wameshamchukua." Kweli wamenichukua, dada. Nimeokoka. Ni mwezi wa pili sasa tangu nikate shauri, kwenye mkutano wa injili uliofanyika karibu na soko, palepale ninapotandika mitumba yangu. Nilikuwa nimesimama na furushi la suruali begani, nasikiliza kwa dharau tu, mara nikajikuta nalia mbele ya wateja.

Mchungaji alisema mtu haokolewi kwa matendo yake, hata apande mlima Matogoro kwa magoti kila Ijumaa. Ni kwa imani peke yake. Kazi yote ilishamalizwa msalabani, wewe unapokea tu. Dada, sijawahi kusikia habari nzuri kama hiyo tangu nizaliwe.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia binadamu yeyote. Siku bani letu la kukaushia tumbaku lilipoungua, mwaka themanini na nne, zamu ya kuangalia moto haikuwa ya Majaliwa, yule Myao aliyekuwa akitusaidia kazi. Ilikuwa yangu. Majaliwa alikwenda kukata kuni, mimi nikauacha moto nikaenda dukani kwa Hironimus kupiga picha kwa yule mpiga picha wa kutoka mjini. Niliporudi nikakuta moshi mweusi na watu wamejaa. Baba alikuwa ndiyo anafika kutoka mkutano wa ushirika, akauliza nani alikuwa kwenye moto. Nikasema, "Muulizeni Myao wetu, Wayao na usingizi ni ndugu." Ulikuwa utani, dada. Watu wawili watatu walicheka. Halafu tukasikia sauti ya Mama mle ndani ya bani, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena.

Yote nimemwambia Yesu, naye ameyazika. Kwa hiyo usimwambie Baba, maana dhambi iliyosamehewa haifukuliwi. Nimekuandikia ili ufurahi pamoja nami.

Nimekutumia gauni kwa mwenye basi. Lina mikono mirefu, linafaa kanisani kwenu.

Mdogo wako aliyeokoka,
Otto


Lusewa
20 Juni 1995

Mdogo wangu Otto,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu lake unalijua, labda kama mchungaji wako amekukataza kuitikia. Gauni limefika. Linanibana kifuani, lakini nitalivaa hivyohivyo.

Barua yako nimeisomea jikoni, nikaificha ndani ya debe la unga. Sikufurahi. Nisikilize nikueleze hali ya hapa nyumbani.

Baba ni mgonjwa. Miguu imejaa maji na hawezi kulala bila kuegemea. Ijumaa iliyopita Padri Romanus alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Akamuuliza, kama ilivyo kawaida, "Mzee, una kinyongo na mtu?" Baba akasema, "Ninacho. Myao yule aliyemwachia mke wangu vidole vilivyoungua vikashikana kama mguu wa bata. Huyo simsamehe, na hata huko mbinguni nikimkuta nitatafuta kona nyingine." Padri akambembeleza, wapi. Mwisho akafunga kichupa chake cha mafuta, akasema atarudi moyo wa mzee ukilegea.

Unaelewa? Majaliwa alikaa kwetu misimu mitatu, akila nasi chungu kimoja. Ndiye aliyeingia kwenye moto akamtoa Mama. Na Baba anakwenda kufa akimchukia mtu asiyemkosea kitu! Wewe unasema yamezikwa. Yamezikwa wapi, wakati yanalala kitanda kimoja na Baba?

Au umesahau maziko ya Mama? Majaliwa alikuja kama mtani anavyopaswa kuja, tayari kuingia kaburini na kutuchekesha. Baba akamfukuza mbele ya watu. Wewe ulikuwa umeshika msalaba wa marehemu, ukautazama huo msalaba mpaka mtu wa watu akapotea njiani.

Njoo useme mwenyewe kwa mdomo wako.

Dada yako,
Emerensiana


Matogoro, Songea
9 Julai 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimehuzunika kusikia habari za Baba. Kanisani tumemwombea, na nakutumia dawa ya maji ya miguu, muuguzi Pamela ameandika namna ya kuitumia.

Lakini dada, usinikasirikie, huo ndio mzigo ambao Kristo alikuja kuutua. Mafuta ya padri hayaokoi mtu. Mwambie Baba aamini tu. Kumbuka yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Alifanya tendo gani jema? Alibatizwa lini? Alimrudishia nani alichomwibia? Aliamini, na siku ileile akaingia peponi. Mimi nikija kupiga magoti kwa Baba ni kama nasema damu ya Yesu haikutosha, naiongezea ya kwangu kidogo. Mchungaji anasema huko ni kurudi utumwani.

Nakuambia hivi kwa amani kabisa. Nina amani. Ila kuna kitu kidogo cha kijinga: nashindwa kuuza mashati ya mistari. Mteja akishika moja, namwambia lina mtu wake. Sasa yamejaa chini ya meza na mke wangu ananicheka.

Ndugu yako katika Kristo,
Otto


Lusewa
1 Agosti 1995

Otto,

Mnyang'anyi wa msalabani hakumrudia mtu kwa sababu mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Yako imepigiliwa wapi? Mbona inafungua marobota ya mitumba kila asubuhi?

Mimi sikusoma kama wewe, nimeishia la saba. Lakini kama kuamini kwako kungekuwa kumekutosha, usingeniandikia kurasa mbili kunithibitishia una amani. Mwenye amani hujilalia usingizi.

Mama alikula kwa kulishwa miaka mitano. Mimi ndiye niliyemlisha, kumfunga kanga na kumsuka nywele. Hakulalamika, ila kila mwaka tumbaku ikianza kunukia kwenye mabani ya watu alikuwa anauliza, "Majaliwa anakaa wapi siku hizi? Alikuwa ananiita mke wake, mtani yule." Nikawa namwongezea uji tu.

Baba anazidi kuvimba. Dawa ya Pamela imemsaidia wiki moja tu.

Kama unaogopa kuanza na Baba, anza na mwenye kukosewa. Yuko Nakapanya, barua zinamfikia kwa mwenye duka anayeitwa Swalehe. Usiniulize nimejuaje.

Emerensiana


Matogoro, Songea
20 Agosti 1995

Ndugu Majaliwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Ni miaka mingi hatujaonana. Mimi nipo hapa Songea, nina mke na watoto wawili, nauza nguo, biashara inakwenda tangu waliporuhusu watu kuagiza vitu huru. Huko kwenu nasikia nako wanunuzi binafsi wa korosho wanafika na magari mpaka shambani.

Nimekuandikia kwa sababu nimempokea Yesu kuwa Mwokozi wa maisha yangu, na katika kutengeneza njia zangu nakukumbuka wewe. Kama kuna lolote ambalo labda nilikukosea zamani, kwa kujua au kwa kutokujua, naomba unisamehe, kama mimi nilivyokwisha kusamehewa.

Wasalimie wote.

Otto


Nakapanya, Tunduru
15 Septemba 1995

Kwa mtani wangu Otto, Mngoni mkimbizi,

Assalam aleikum. Barua yako Swalehe alinisomea kwanza yeye, maana miwani yangu imekaliwa na mtoto, halafu nikaisoma mwenyewe mara mbili nikitafuta mahali uliposema kitu. Sikupaona.

Babu zako walitoka Kusini wakikimbia, wakafika hapa wakasema wamekuja kupigana. Na wewe ni damu yao. "Kama kuna lolote, labda, zamani, kwa kutokujua." Bwana wee, hizo ni mbio! Lolote halina uso, mimi nitalisamehe vipi? Lete lenye jina.

Nikusaidie kidogo. Nilikuazima shati langu la mistari, jipya, nililonunua Idi, ili ukapige picha upendeze. Nikakuambia, "Nenda baada ya mimi kurudi na kuni." Niliporudi bani linawaka. Kisha nikakusikia unavyowaambia watu kuhusu Wayao na usingizi. Unajua kwa nini sikukujibu? Mtani hakasiriki. Mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia kuku unacheka. Nikasema, huyu ameshikwa na woga, kesho atasema. Nilikaa kwa balozi wa nyumba kumi siku tatu nikingoja useme maneno manne: "Jamani, ule ulikuwa utani." Siku ya nne nikafunga mzigo. Baba yako alinifokea kama mwendawazimu, na mimi sikumlaumu, mkewe alikuwa hospitali.

Unasema umekwisha kusamehewa. Sibishani na dini yako. Sisi chuoni tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu husamehe lililo lake, lakini haki ya mja inamngoja mja mwenyewe. Mimi ndiye mja. Niko hapa, mlango wangu unatazama barabara.

Nilikasirika, Otto. Sitakuficha. Siku ya maziko ya Mama niliporudishwa njiani nilikaa kwenye kichuguu nikalia peke yangu, kwa sababu yule mama nilimpenda.

Hata hivyo nakushukuru kwa maharage. Kila mwaka baada ya mavuno dereva wa lori ananishushia debe la maharage kutoka Lusewa, bila jina la mtu. Mke wangu Sharifa husema, "Huyu ana jambo moyoni." Nikajua ni wewe. Ni matamu, ingawa mwaka huu yalikuwa na wadudu. Lakini maharage hayasemi, mtani wangu.

Shati langu nalidai.

Majaliwa


Matogoro, Songea
2 Oktoba 1995

Dada,

Majaliwa ananishukuru kwa maharage. Mimi sijamtumia hata punje moja. Nani anamtumia? Na wewe umejuaje anapokea barua kwa Swalehe?

Nijibu haraka.

Otto


Lusewa
19 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Nimekaa na swali lako siku tatu, na leo nimemaliza kupika nikasema basi.

Wiki mbili baada ya bani kuungua, mpiga picha alirudi kugawa picha. Wewe ulikuwa Peremiho hospitali na Mama, nikakupokelea mimi. Umesimama mbele ya ukuta wa duka la Hironimus, umevaa shati la mistari la Majaliwa, unacheka mpaka gego linaonekana. Nyuma yako, juu ya paa, kuna moshi. Asiyejua atasema ni wingu. Mimi nilijua palepale, kwa sababu upande ule hakuna kitu kingine isipokuwa bani letu.

Wewe hukuuona, ulikuwa unaitazama kamera.

Niliiweka picha kwenye kitabu changu cha sala, iko humo mpaka leo. Nilijiambia, Otto ni mtoto wa kiume pekee wa Baba, na Majaliwa ana kwao. Basi. Miaka kumi na moja nimekuachia wewe dhambi na mimi nikashika ufagio. Nafagia kanisa la kigango kila Jumamosi. Nafua vitambaa vya altare. Sijakosa misa ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi hata nilipokuwa na malaria. Mwaka tuliomzika Mama nikaanza na maharage, na dereva wa lori ndiye aliyeniambia habari za Swalehe. Padri nimemwungamia kila kitu isipokuwa hiki. Nilimwambia "nimesema uongo", hakuniuliza uongo gani, na mimi nikashukuru hakuniuliza.

Uliponiandikia barua ya kwanza nilijifanya ndiyo nasikia. Nikakupigia kelele kwa sauti ya mtu safi. Hilo nalo naliona aibu, Otto, pengine kuliko yote.

Wewe umejificha kwenye imani, mimi nimejificha kwenye maharage. Mama alikuwa anamuulizia Majaliwa, na mimi kijiko mkononi, nikanyamaza. Nikikumbuka hapo natamani ardhi inimeze.

Njoo kabla mvua hazijaanza. Ukisema, nami nitatoa picha.

Emerensiana


Matogoro, Songea
26 Novemba 1995

Mtani wangu Majaliwa,

Shikamoo, maana leo nakuamkia kama mkubwa wangu.

Siku bani lilipoungua, zamu ya moto ilikuwa yangu. Niliuacha bila mtu. Mama aliingia kuokoa fito zilizotundikwa tumbaku kwa sababu mimi sikuwapo kuzitoa. Nilikusingizia mbele ya watu, na nilipoona Baba ameamini, nikanyamaza siku ile, na siku tatu ulizongoja, na siku ya maziko, na miaka yote. Hakuna "kama" wala "labda". Naomba unisamehe hilo.

Maharage si yangu. Ni ya dada. Atakuandikia mwenyewe.

Nimetoka Lusewa juma lililopita. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya mto. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Dada akaleta picha akaiweka kwenye paja lake. Baba hakuitazama. Aliuliza swali moja tu, "Mama yako alikufa anajua?" Nikasema hapana. Kuku wakaingia ndani na hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, "Myao yule sina neno naye tena. Aitwe. Wewe toka, nisikuone humu."

Nikatoka. Mchungaji ananiambia nisijali, Mungu amenisamehe, inatosha. Naamini hivyo, Majaliwa, siigizi. Mbona basi natembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani?

Padri Romanus naye alirudi. Akamuuliza tena habari ya kinyongo. Baba akasema, "Yule tumekwisha. Sasa kuna mwingine." Padri akafunga kichupa mara ya pili. Kwa hiyo nilikuwa nimemwondolea Baba chuki moja nikampa nyingine, na hii ya sasa ni ya haki.

Baba anakutaka wewe. Nenda, tafadhali. Mimi nimekatazwa.

Shati lako la zamani tulilichana kumfungia Mama mikono, ndiyo maana halikurudi. Ninalokutumia ni la mistari pia. Nililiweka tangu Julai bila kujua namwekea nani.

Otto


Lusewa
14 Februari 1996

Mdogo wangu Otto,

Kaa chini kwanza. Baba amefariki, Ijumaa tarehe mbili, asubuhi. Tumemzika Jumamosi kando ya Mama. Daraja la upande wa Songea limechukuliwa na maji na hakuna gari lililopita tangu Januari, ndiyo sababu hukuitwa. Barua hii inavushwa kwa mtumbwi kisha anaichukua dereva ng'ambo.

Majaliwa alikuja. Upande wa Tunduru bado panapitika kwa baiskeli, akaingia hapa amelowa chepechepe na shati lako la mistari limemganda mwilini. Akasimama mlangoni akapaza sauti, "Mngoni, hujafa tu? Nimeacha korosho zangu nije kuzika, nakuta mtu anakunywa uji!" Nilidhani Baba atazimia. Alicheka, Otto. Alicheka mpaka kikohozi kikampata, na katika kucheka akaanza kulia, akamshika Majaliwa mkono akamwomba radhi. Majaliwa akasema atamtoza jogoo. Na mimi nilipiga magoti kwake jikoni. Yangu yalikuwa marefu, alinisikiliza yote huku akimenya muhogo, akasema tu kwamba mwaka ujao nichague maharage yasiyo na wadudu.

Alikaa nasi wiki mbili, akimgeuza Baba kitandani na kumwosha kama mtoto wake.

Habari yako Baba hakuitaka. Nikitaja jina lako anageukia ukutani. Lakini Alhamisi mchana, Majaliwa alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji, tukiwa wawili tu, Baba akasema, "Leta ile picha." Nikampa. Akaishika karibu na macho, akaitazama muda mrefu sana. Akasema, "Alikuwa bado mtoto." Kisha akasema, "Mwambie Otto yamekwisha." Akanirudishia picha akaomba maji.

Nilimtuma Tabu wa jirani akamwite padri mbio. Mto ulikuwa umejaa, padri hakuvuka. Baba alikufa bila mafuta. Mimi niliyefagia kanisa miaka kumi na moja nimebaki bila kitu cha kushika, isipokuwa kuamini kwamba Mungu amempokea hivyohivyo alivyo. Nakukumbuka wewe na mchungaji wako. Nilikucheka sana.

Makaburini Majaliwa aliingia kaburini akajilaza, akasema halimtoshi mzee mwenye makuu kama yule, lipanuliwe, na hatoki bila jogoo wake. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Baba alizikwa kwa heshima zote.

Sasa, Otto, sikia. Maneno ya Baba hakuyasikia mtu mwingine ila mimi. Sina shahidi. Na mimi ndiye dada aliyekuficha jambo miaka kumi na moja na kukudanganya kwa barua. Sina namna ya kukuhakikishia. Itabidi uniamini.

Dada yako,
Emerensiana


Matogoro, Songea
3 Machi 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Pole, na mimi nipe pole. Nimelia kwa ajili ya Baba mpaka mke wangu akafunga biashara siku mbili.

Nimekuwa nikisimama sokoni nikiwaambia watu kwamba ni rahisi: huhitaji kufanya kitu, neno limeshasemwa, lipokee tu. Nilikuwa sijui nasema nini. Kupokea neno ambalo hukulisikia kwa masikio yako, na hulistahili, na aliyelisema huwezi kumrudia ukamuuliza, ni kazi iliyonishinda wiki nzima. Naamka nimeamini, kufika saa nne nimeanza tena kupima kila neno la barua yako.

Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza nilikuuliza: dada, ni kweli alisema, au umenihurumia? Nikaichana. Ya pili niliiandika kwenda Nakapanya, nimuulize Majaliwa kama Alhamisi ile kweli alikwenda mtoni. Nayo nikaichana. Hii sikuulizi kitu, na wewe usinijibu nisilokuuliza.

Baba amesema yamekwisha. Nimeamini.

Pasaka nakuja, daraja likiwa limetengenezwa au halijatengenezwa. Tutakaa jikoni wewe na mimi, na najua ulimi utaniwasha. Ukiniona nafungua mdomo kutaka kuuliza, nipe shoka upesi nikapasue kuni.

Mdogo wako,
Otto